Nani aliwatenganisha fulu?

SWALI: Mwalimu, hujambo. Kitabu cha binti yangu wa sekondari kinasema spishi mpya hutokea viumbe wa aina moja wakitenganishwa na mlima au bahari. Nawe uliandika toleo lililopita kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na spishi 500 hivi za fulu, wale samaki wadogo. Ziwa ni moja! Mlima uko wapi?
Mzazi, Nakuru

JIBU: Sijambo, Baba. Kitabu hakikudanganya, kimekupa nusu tu ya habari. Mlima ni njia mojawapo. Linalohitajika ni kizuizi cha uzazi, yaani jambo lolote linalowafanya hawa na wale wasizae pamoja, au wakizaa, kizazi kikomee hapo. Farasi ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 64, punda 62. Nyumbu wanayemzaa (si yule wa Maasai Mara) hupata 63, na karibu kila mara huwa tasa.

Kwa fulu, kizuizi kinaweza kuwa machoni pa jike.

Upande wa Mwanza kuna fulu wawili wa kwenye mawe. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, dume wake ana rangi ya samawati. Wa pili ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, na dume wake ana mgongo mwekundu. Majike wamepauka wote, mimi siwezi kukutofautishia. Wa samawati hukaa karibu na uso wa maji, mwekundu chini kidogo, ambako mwanga unaofika umeelemea wekundu. Macho ya kila kundi yamelingana na mwanga wa makao yake, na jike humwendea dume wa rangi anayoiona vizuri. Tena huchagua kwa makini, maana ndiye atakayebeba mayai kinywani hadi yaanguliwe. Ziwa lenyewe lilikauka, likajaa upya miaka 15,000 hivi iliyopita. Kwa mambo ya spishi, hiyo ni kama juzi.

Mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake waliwaweka fulu hao chini ya taa ambayo rangi za madume hazikutofautika. Majike wakawakubali madume wa kundi lolote. Mwaka 1997 walieleza kwamba ziwani nako, maji yalikokuwa ya tope, rangi zilififia na spishi zikaanza kuchanganyika.

Hapo ndipo ninapoumia. Nilipokuwa msichana hapa Dunga, Kisumu, tulivua fulu kwa ndoana kando ya mafunjo. Leo nikitia mkono majini, vidole sivioni. Fulu wakipungua, kila mtu humlaumu mbuta (sangara), na kweli aliwamaliza wengi miaka ya 1980, lakini udongo unaoshuka na mto Nyando hausemwi sana.

Binti yako atauliza: kama mahuluti (machotara) wa fulu huzaa vizuri, na huzaa kweli, wazazi wao ni spishi mbili kwa vipi? Wataalamu huangalia kama makundi hubaki mbalimbali yakiwa makwao, kwenye maji maangavu. Kwenye mtihani aandike kwamba spishi mbili hazizai watoto wenye rutuba, apate alama zake. Fulu amwulizie mwalimu wake baadaye.