Tawakali si kukaa kitako
Dada yangu, umeuliza kama kaka yako, ambaye ameacha kutafuta kazi tangu aliposhindwa usaili wa tatu na sasa hujibu kila swali kwa kusema kwamba riziki hutoka kwa Mungu, ameongoka au anakimbia. Kwa maoni yangu anakimbia, ingawa huenda mwenyewe hajui. Katika hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, mtu alimuuliza Mtume Muhammad kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, akajibiwa amfunge, kisha atawakali. Imani hiyo hiyo ingeweza kumpa ujasiri wa usaili wa nne. Usimkemee kwa ajili ya ibada yake. Mwulize tu, baada ya swala ya alfajiri, leo anapeleka wapi barua ya maombi.