Wameandikiwa, Lakini Kombe Ni Moja: Ashinde Nani?

SWALI: Dada shikamoo, mimi ni msomaji wako wa Nakuru, nilicheza mpira mpaka goti likakataa, sai naandika hadithi ya mapenzi na nimekwama vibaya. Ni ya wasichana wawili, mmoja winga mwingine beki, na timu zao haziivi hata kidogo. Wote wamezaliwa na alama moja kwa kiganja, na nyanyake winga alishasema zamani kwamba mwenye alama kama hiyo ndiye ubavu wake, kwa hivo wanajua, ni vile tu hawataki kukubali manake kila wakikutana ni kukanyagana. Mwishoni kuna fainali, dakika ya 90, penalti. Winga anaangalia anaona beki wake amesimama ukingoni mwa boksi machozi yanamtoka, alama inawaka moto, basi anapiga nje makusudi ili mpenzi wake achukue kombe. Watu wawili walisoma wakalia. Lakini mwenzangu tuliyecheza naye zamani alinirudishia simu yangu akasema hii ni matusi, akaenda zake bila kunieleza matusi yako wapi. Sasa dada, ashinde nani? Na hii kitu hutokea kweli, wapinzani wapendane na bado wachezeane kama kawaida? Na niiweke hapa Kenya ama niwapeleke Ulaya ndio wapumue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana na goti. Nianze na mwenzako, manake alisema ukweli ata kama hakumalizia. Matusi yako kwa ile penalti. Mtu ameamka saa kumi na moja alfajiri miaka nenda miaka rudi, amekimbia na njaa, amefungwa bandeji mara sijui ngapi, amefika fainali, halafu anapewa kombe vile mtoto ananyamazishwa na peremende, na anayempa ni mtu anayesema anampenda! Beki wako atajua tu. Beki husoma mguu wa winga kuliko vile mamake winga anavyomjua, ataona vile nyonga iligeuka, na kuanzia siku hiyo kila akiishika ile medali anashika huruma ya mtu. Na wale wengine kumi wa timu ya winga je? Wao hawakuandikiwa na yeyote pale, walikuja kushinda.

Kwa hivo jibu la kwanza ni hili, ashinde yeyote unayetaka lakini ashinde kwa mpira, na aliyeshindwa ashindwe kweli mpaka iume.

Sasa hutokea? Hutokea sana. Nakupa wawili ambao nimewafuata miaka, Pernille Harder na Magdalena Eriksson. Harder ni wa Denmark, mshambuliaji, Eriksson ni Mswidi na ni beki, yaani ni winga na beki wako hao hao. Walikuwa pamoja kwa timu ya Linköping kule Uswidi, halafu 2017 wakatawanyika, Harder akaenda Wolfsburg Ujerumani, Eriksson Chelsea London. Mwaka uliofuata Chelsea na Wolfsburg wakakutana nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wolfsburg wakashinda 3-1 kule London, wakarudi kwao wakaongeza 2-0, Chelsea nje. Hapo hakuna aliyemwonea mwenzake huruma kwa miguu.

Lakini kinachonishika roho mimi ni ile ya timu za taifa, na nataka uisome polepole. Kufuzu Kombe la Dunia la 2019, Uswidi na Denmark wako kundi moja. Oktoba 2017 wachezaji wa Denmark, na Harder ndiye kapteni, wako kwa mvutano na shirikisho lao juu ya malipo, mechi ya Uswidi haikuchezwa, Uswidi wakapewa ushindi wa 3-0 mezani. Septemba 2018 wakakutana Denmark, Uswidi wakashinda 1-0 na kuongoza kundi. Denmark wakasukumwa kwa mechi za mchujo, Uholanzi wakawamaliza. Kwa hivo Kombe la Dunia likaanza Ufaransa na kapteni wa Denmark hana timu pale, na waliompita kwa kundi ni hao hao wa mpenzi wake.

Harder alifanya nini? Alienda. Tarehe 24 Juni 2019, uwanja wa Parc des Princes Paris, Uswidi wamewafunga Kanada 1-0 hatua ya 16 bora, Eriksson akakimbia mpaka kwa mashabiki, na Harder akainama kutoka jukwaani amevaa jezi ya Uswidi, wakabusiana, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima. Watu wengi waliona busu. Mimi kila nikiiangalia naona ile jezi. Ile jezi ndiyo ilimwacha nje ya Kombe la Dunia, na ameivaa. Mdogo wangu, ukipata namna ya kuandika mtu anavyoingiza mkono kwa jezi kama hiyo asubuhi hotelini, peke yake mbele ya kioo, ata hauhitaji alama kuwaka moto.

Kuna pia Sam Kerr wa Australia na Kristie Mewis wa Marekani. Olimpiki ya Tokyo, 2021, wako kundi moja na mechi yao ikaisha 0-0, halafu siku chache baadaye, tarehe 5 Agosti, wakapangwa tena kugombania shaba, uwanja ule ule wa Kashima. Marekani 4, Australia 3. Kerr alifunga na bado akashindwa. Picha iliyobaki kwa watu ni yao wawili wamekumbatiana uwanjani mechi imeisha, mwenye shaba na asiye nayo. Miaka miwili baadaye wakatangaza uchumba. Angalia vizuri, Mewis hakumwachia Kerr medali, alimpa bega, na bega unaweza kumpa mtu ukiwa umemshinda.

Hiyo ya kuandikiwa usiitoe, mimi napenda, sisi tumekua tukisikia mtu na ubavu wake, nyota zimekutana, damu zimepatana, msomaji wetu haitaji kufundishwa hapo. Shida ni kwamba umeipa ile alama kazi ya kuamua mechi. Alama iwaambie ni nani, basi, isiwaambie wafanye nini. Na nyanya asimalize maneno yote mwanzoni, mwache aseme nusu, manake ukishajua kila kitu ukurasa wa tatu, kule kukanyagana kwote kunakuwa kungoja tu.

Kuhusu Kenya ama Ulaya. Hapa nitakwambia vile naona na usikasirike. Tarehe 24 Mei 2019, mwezi mmoja kamili kabla ya lile busu la Paris, Mahakama Kuu Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu 162 na 165 vya sheria ya makosa ya jinai, vile vinavyotumika kuwashtaki wapenzi wa jinsia moja. Wasichana wako wakiwa hapa hawawezi kukimbiliana mpaka kwa fensi mbele ya kamera, na ukiandika kama wanaweza, msomaji ambaye ameficha simu yake miaka mitano atafunga hadithi yako. Lakini usiwapeleke Ulaya ati wapumue kama wewe mwenyewe Ulaya hujaijua, utaandika theluji na kahawa tu. Waweke Nakuru, uwanja unaoujua, vumbi unalolijua, na ule uficho uwe ndani ya mchezo wenyewe. Fikiria hivi: uwanjani ndipo mahali pekee wanaweza kugusana mbele ya watu elfu na hakuna anayeuliza. Beki akimkaba, bega kwa bega, jasho kwa jasho, mkono umeshika jezi sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa na refa hajaona. Mechi ikiisha wanapeana mkono kama wageni. Mimi hapo nalia kabla ya hiyo fainali kufika.

Andika penalti upya. Winga apige kwa nguvu zake zote, kwa kona ile beki anaijua. Iingie ama kipa aitoe, hiyo nakuachia, lakini usikate hapo, nenda nao mpaka vyumba vya kubadilishia nguo, huku wanaimba huku kumenyamaza, na ukuta ni mmoja.

SWALI: Dada, mimi nasoma hizi hadithi za wapinzani wanaopendana na kila mara najiuliza, hawa wakiishi nyumba moja siri za timu zinakaaje? Si kocha atashuku? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Dadangu wa Kisauni, hilo ndilo swali waandishi wengi huruka na ndilo tamu. Hao hao Harder na Eriksson, 2020 Harder akahamia Chelsea kwa bei iliyokuwa rekodi ya mpira wa wanawake wakati huo, Eriksson ndiye kapteni. 2021 wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa pamoja, wakafungwa 4-0 na Barcelona pamoja, tena kule Gothenburg, nchini kwa Eriksson. 2023 wakahama wote wawili kwenda Bayern Munich. Yaani mwaka mzima jezi moja, mazoezi mamoja, halafu timu za taifa zikiita kila mtu alikuwa anafungasha begi lake. Julai 2025 kule Geneva mechi ya kwanza kabisa ya kundi lao la Euro ilikuwa Uswidi na Denmark, Uswidi wakashinda 1-0.

Siri zinakaa kwa vitu vidogo, hivo ndivo mimi ningeandika. Mtu anajua mwenzake kifundo cha mguu kinamuuma tangu Jumanne, ameona vile anashuka ngazi, na kocha wake Ijumaa anauliza kama kuna mwenye habari za wale wapinzani, na anaangalia chini. Nyumbani usiku wanakula, wanaongea juu ya maji yamepotea, juu ya mama wa nani amepiga simu. Viatu vyao vya mpira viko mlangoni, pea mbili, vimeoshwa, vimegeuzwa nyayo chini ili mtu asione mwenzake ameweka njumu ndefu ama fupi.