Kabla ya kununua dawa ya madoa meupe ya kambamiti

Nafundisha baiolojia hapa Dodoma, ambako ufugaji tuliouzoea ni wa sato na kambale, lakini tangu Serikali ihamie huku nimekuwa nikiulizwa na watumishi wenye mabwawa ya kambamiti Pwani iwapo wanunue dawa au chanjo ya ugonjwa wa madoa meupe. Huwashauri wamuulize kwanza muuzaji dawa yake inazuia nini hasa ndani ya seli.

Virusi vya ugonjwa huu vina utando wenye protini kadhaa, na iliyochunguzwa zaidi ni VP28. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba VP28 hushikamana na Rab7 ya kambamiti wa aina ya Penaeus monodon, protini ambayo seli yenyewe huitumia kusafirisha vifuko vidogo ndani yake. Kwa hiyo virusi hutumia njia ambayo seli haiwezi kuifunga bila kujidhuru, kisha DNA yake hufika kwenye kiini na kuzalishwa humo. Majaribio ya maabara yaliyopunguza Rab7 yalipunguza pia virusi, na hapo ndipo wauzaji hupata maneno matamu. Hata hivyo, VP28 haifanyi kazi peke yake, na kushikamana kwa protini mbili hakutoshi kueleza maambukizi yote, sembuse kutibu bwawa zima.

Antibiotiki huua bakteria. Hazina la kufanya hapa. Chanjo nayo ni suala gumu zaidi, kwa sababu kambamiti hatengenezi kingamwili kama sisi, na VP28 iliyolishwa katika majaribio ilileta kinga ya kiasi na ya muda mfupi.

Fedha hiyo ni afadhali itumike kupima vifaranga kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotambua DNA ya virusi, kabla ya kuwapandikiza. Zuia kaa, ambao hubeba virusi bila kufa, na usilishe mabaki ya kambamiti waliogandishwa, kwa kuwa barafu haiui virusi hivi. Epuka pia mabadiliko ya ghafla ya joto na chumvi, yanayoweza kuamsha maambukizi yaliyojificha.

Msumbiji ilipatwa na ugonjwa huu mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012, nao ni majirani zetu wa bahari moja. Vifo vinaweza kumaliza karibu bwawa zima ndani ya siku 3 hadi 10, hivyo ukiona dalili, mwite afisa uvuvi wa wilaya kabla hujafungulia maji kuelekea baharini.