Maji ya Kijani Kwenye Tangi la Samaki: Siku Nne za Giza Zilivyoniokoa

Juzi dada mmoja wa Tanga aliniandikia kuomba msaada, akaambatanisha na picha ya tangi lake la samaki. Kioo ni kisafi na taa inawaka vizuri, lakini maji yamekuwa ya kijani kama mchuzi wa kisamvu, na samaki wake watano wanaonekana kama vivuli tu. Ameeleza kwamba amebadilisha maji yote mara mbili ndani ya wiki moja, na mara zote mbili ukijani umerudi siku ya tatu, kiasi kwamba sasa mumewe anamshauri awagawe samaki na kuliuza tangi. Nilipomaliza kusoma ujumbe huo nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu yote aliyoyafanya niliyafanya mimi pia, na yalinigharimu.

Tangi langu ni la lita 120. Nililiweka sebuleni, hapa Dar es Salaam, chini ya dirisha linalotazama mashariki, kwa kuwa nilipenda kuona jua la asubuhi likipenya majini na kumulika magamba ya samaki wa dhahabu. Juu yake nikaweka taa iliyowaka tangu alfajiri hadi tulipokwenda kulala. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, aliwalisha kila aliporudi shuleni, mimi niliwalisha asubuhi, na mgeni yeyote aliyewasifu aliruhusiwa kuwatupia chakula kidogo. Mwezi wa pili maji yakaanza kupoteza ung'avu. Wiki iliyofuata nilizamisha mkono, na kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, vidole vilikuwa vimekwisha kupotea machoni.

Niliamini kwamba ule ulikuwa uchafu, na uchafu dawa yake ni kusafisha. Jumamosi tatu mfululizo nilimwaga maji yote, nikasugua changarawe kwa sabuni ya unga, nikaosha sifongo la chujio chini ya bomba mpaka likarudia rangi yake ya dukani. Mara zote tatu ukijani ulirudi. Hatimaye muuzaji mmoja wa vifaa vya samaki aliniuzia chupa ya dawa na kunihakikishia kwamba nikizidisha kipimo, maji yatang'aa kufikia kesho yake. Nilimwamini. Usiku ule umeme ulikatika, pampu ya hewa ikanyamaza, na saa kumi za alfajiri niliwakuta samaki wote sita wamejipanga juu ya maji, midomo wazi, mashavu yakifunguka na kufumba kwa haraka. Mwani wote, yaani viumbe wadogo mno walioyapa maji ukijani, ulikuwa umekufa kwa mkupuo, na kuoza kwake kulikuwa kumemaliza oksijeni iliyokuwamo majini. Kulipokucha wanne walikuwa wamekufa, akiwemo mmoja mwenye doa jeupe mkiani ambaye binti yangu alimwita Malaika. Tulimzika chini ya mlimao. Mtoto hakuniuliza swali lolote, na ukimya wake ule unaniuma hadi leo kuliko maneno ya jirani aliyesema kwamba tunaombolezea kitoweo.

Baada ya hapo nilijifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kununua samaki wa kwanza. Maji ya kijani si maji machafu kwa maana tuliyoizoea, bali ni maji yaliyojaa mwani wa chembe moja, viumbe wadogo mno wanaoelea na kupita kwenye matundu ya sifongo bila kizuizi. Ukichota maji hayo kwenye glasi na kuyaacha yatulie kwa saa nzima, tope litashuka chini lakini ukijani utabaki umeelea. Mwani huo unaishi kwa mwanga na kwa virutubisho, yaani nitrati na fosfeti zinazotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Watu wa Mwanza na Kisumu wanaliona jambo hilo hilo kwa ukubwa wa kutisha, pale mbolea na majitaka yanapoingia ziwani na ufuko kugeuka kijani. Ukimwaga maji yote, chembe chache zinazobaki kwenye changarawe huzaliana upya haraka. Ukiosha sifongo kwa sabuni au kwa maji ya bomba yenye klorini, unawaua bakteria wanaobadilisha amonia, yaani sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitrati, na amonia ikipanda, samaki wanaungua mashavu.

Kilichonisaidia ni giza. Nilinyonya kinyesi kwenye changarawe kwa mpira, nikabadilisha theluthi moja tu ya maji kwa maji yaliyokaa kwenye ndoo usiku kucha, nikazima taa, kisha nikalifunika tangi pande zote kwa blanketi zito na maboksi mpaka hapakubaki upenyo. Pampu ya hewa niliiacha ifanye kazi usiku na mchana, na sikuwapa samaki chakula, kwa maana samaki mkubwa mwenye afya anastahimili siku nne bila taabu. Siku ya tano nilipofunua, maji yalikuwa na ukungu wa kijivu, ambao ni mwani uliokufa. Nikabadilisha theluthi nyingine, nikakamua sifongo ndani ya maji yale yale niliyoyatoa kwenye tangi, na baada ya siku mbili niliweza kusoma tarehe za kalenda iliyotundikwa ukutani nyuma ya tangi. Nilimwita binti yangu aje aone, naye akasoma tarehe kwa sauti, moja baada ya nyingine.

Sasa ni mwezi wa kumi na nne, na maji hayajabadilika rangi. Ipo pia taa ya miale ya urujuanimno (UV), inayofungwa ndani ya bomba ambamo pampu hupitisha maji, na huua mwani unaoelea kwa siku chache. Mwenye uwezo na ainunue, ingawa taa hiyo haimwondolei kazi ya kupunguza chakula. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Tunataka uzuri wa samaki sebuleni, lakini hatutaki kuwanyima chakula wala kuzima taa mgeni anapokuja. Ndugu zangu, anayefuga kiumbe asiyeweza kulia ana wajibu wa kumwangalia zaidi. Chakula kiwe kile kinacholiwa na kuisha ndani ya dakika mbili, taa iwake saa sita au saba tu kwa siku, robo ya maji ibadilishwe kila wiki, na tangi likae mbali na dirisha hata kama sebule itapungua uzuri.

Dada yangu wa Tanga, katika picha yako nimeona pazia jeupe nyuma ya tangi na jua likipita katikati yake. Zima taa leo jioni, punguza maji mpaka watu wawili muweze kulisogeza tangi bila kioo kupasuka, mlipeleke kwenye ukuta usio na dirisha, kisha lijaze na ulifunike. Usifunue kuchungulia. Ukilifunua siku ya tano, niandikie kabla hujamwaga hata kikombe kimoja.