Treni Ikichoka Kabla ya Morogoro, Usikimbilie Kisanduku Kikubwa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Sisi ni marafiki sita wa Kigamboni, tunajenga reli ya mfano ya SGR kwa kipimo cha 1:87. Kila mtu ana meza yake ya mita 2: Dar, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Mwisho wa wiki tunaziunganisha na kuendesha pamoja. Mfumo ni wa kidijitali. Kisanduku cha umeme kinatoa volti 15, ampea 5, na tumekiunga kwa nyaya mbili kwenye meza ya Dar. Treni zinaondoka vizuri, ila zikifika Ngerengere zinalegea, na zikikutana tatu Morogoro taa zinafifia. Nimepima kwa mita: Morogoro bila treni ni volti 15 kamili, zikiwepo treni tatu zinabaki 9. Wiki iliyopita behewa liliacha njia palepale Morogoro, magurudumu yakaunganisha reli mbili, plastiki ikayeyuka, na kisanduku hakikukata umeme. Mwenzetu mmoja anasema tununue cha ampea 10, mwingine anasema tuongeze cha pili upande wa Morogoro. Tumfuate nani?

JIBU: Ndugu yangu, msimfuate yeyote kati yao, na hicho kisanduku cha ampea 10 kama hamjakilipia, msikilipie. Swali hili huniijia kila mara kwa sura mbalimbali. Leo ni treni, jana ilikuwa pampu ya maji, juzi taa za bustani. Jibu la haraka la mafundi wengi ni lilelile: "umeme ni mdogo, weka kikubwa." Umeme wenu si mdogo. Unapotelea njiani.

Vipimo vyako mwenyewe vinasema kila kitu. Bila treni umeona volti 15, ukaamini njia ni nzima. Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Mita haili umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata njia mbovu kabisa itaionyesha volti zote. Njia hupimwa ikiwa na mzigo. Ulipoweka treni tatu zilibaki 9, yaani 6 zimepotea kati ya Dar na Morogoro. Treni zako tatu tuseme zinakula ampea 1.5 kwa pamoja. Gawanya 6 kwa 1.5 unapata ohm 4. Huo ndio ukinzani wa njia yenu, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita, kwenda na kurudi. (Mita za kawaida hazisomi sawasawa umeme wa mfumo wa kidijitali, lakini kwa kulinganisha ncha moja na nyingine zinatosha.)

Sasa tazama lile behewa lililoyeyuka. Shoti ikitokea Morogoro, volti 15 gawanya kwa ohm 4, umeme unaopita ni ampea 3.75. Kisanduku chenu kinasubiri zipite ampea 5 ndipo kikate. Hakiwezi kujua kuna shoti. Kinachoona ni treni kadhaa tu zinazofanya kazi. Kwa hiyo kikaendelea kumimina wati 56 njiani, na sehemu ya joto hilo ikakusanyika pale gurudumu lilipogusa reli kwa ncha ndogo kama kichwa cha sindano. Chuma changu cha kulehemia ni cha wati 30 na kinayeyusha risasi bila shida. Behewa la plastiki lingeponea wapi?

Mkinunua cha ampea 10, Morogoro itabaki na volti zilezile 9, kwa sababu ampea zilizoandikwa kwenye kisanduku ni uwezo wake wa juu. Hazisukumi volti zaidi relini. Shoti ya Morogoro itabaki kwenye zilezile 3.75, na safari hii kisanduku kitakuwa mbali zaidi na kukata. Halafu shoti ya karibu na Dar, ambako ukinzani ni mdogo, itapata ampea 9 na ushee kwenye gurudumu lenye ukubwa wa kifungo cha shati kabla kinga haijashtuka. Atakayewashauri mpandishe volti hadi 20 ili "zifike," mwambieni treni iliyosimama Dar itazipokea zote 20, na kadi ndogo ya elektroniki iliyomo ndani ya kichwa chake ndiyo itakayolipia.

Hilo la kisanduku cha pili Morogoro ni hatari zaidi, na naomba lisomwe na kila mtu. Visanduku viwili vya kidijitali kwenye reli moja isiyokatwa vitapigana. Na kwa wenye transfoma za zamani zinazotoa umeme wa AC kwenda moja kwa moja relini, mambo ni mabaya kuliko kuungua kwa kifaa. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ukichomoa moja ukutani huku ya pili bado inalisha reli, ile uliyoichomoa inapokea volti ndogo kutoka relini na kuzipandisha, na zile pini za plagi ulizoshika mkononi zinaweza kuwa na volti zaidi ya 200. Plagi haipo ukutani na bado inaua.

Tiba yenu ni waya. Reli zenu, kama nyingi za kipimo hicho, bila shaka ni za nikeli silva. Msidanganywe na jina, hamna fedha humo. Ni shaba, nikeli na zinki, na hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu zaidi ya mara kumi. Ongeza vile viungio vidogo vya kuchomeka kati ya reli na reli, na hewa yetu ya Dar yenye chumvi na unyevu, hasa nyie wa Kigamboni mnaopakana na bahari. Kiungio kilichobana vizuri Januari, masika ikiisha kimeshika ukungu wa kijani na kinapitisha umeme kwa kubahatisha.

Kwa hiyo chini ya meza zote sita pitisheni nyaya kuu mbili za shaba za milimita za mraba 2.5, zile zile za soketi za nyumbani. Kwa mita 12 kwenda na 12 kurudi, ukinzani wake haufiki ohm 0.2. Kwa ampea zenu 1.5 mtapoteza robo ya volti tu na kidogo. Waya mwembamba wa simu kwa umbali huohuo ungewapotezea zaidi ya volti 3, ndiyo maana nikisikia mtu anasema "waya ni waya" huwa naishiwa subira. Na mkiwa dukani, kwangueni ncha ya waya kwa kisu. Kama ndani ni mweupe, huo ni alumini uliopakwa shaba. Urudisheni.

Kutoka kwenye waya mkuu, kila kipande cha reli kipate vijiwaya vyake viwili vifupi vya milimita za mraba 0.5 au 0.75, urefu usizidi shubiri moja hivi. Msitegemee kiungio kubeba umeme. Kazi yake ni kunyoosha reli tu. Kama mnatumia reli za kukunja za sentimita 91, kila meza itahitaji jozi tatu kwa kila njia. Ni kazi ya Jumamosi mbili kwa watu sita, na huo ndio uzuri wa kuwa na marafiki.

Kulehemu kwenyewe nieleze kidogo, kwa sababu nimeona reli nyingi zimeharibiwa hapa. Sugua ubavu wa nje wa reli mpaka ung'ae, sehemu ndogo ya kutosha ncha ya waya. Paka risasi kidogo kwenye reli, paka na kwenye waya, kila kimoja peke yake. Weka vipande viwili vya pamba iliyolowa maji juu ya reli, kushoto na kulia, vinywe joto lisifike kwenye mataruma ya plastiki. Kisha gusisha waya, bana na chuma chenye moto, hesabu moja, mbili, tatu, ondoa, usitikise. Kiungo kizuri kinang'aa na kutambaa juu ya reli. Kilichojikusanya kama kidonge cha ugali hakijashika. Na tafadhali, msitumie ile asidi ya mafundi bati. Inashika upesi kweli, lakini baada ya miezi michache waya unaoza kutoka ndani. Tumieni risasi yenye utomvu wake ndani.

Kwa kuwa meza ni za watu sita, kubalianeni rangi leo hii: nyekundu kwa reli ya upande wa ukutani, nyeusi kwa ya upande wa watazamaji, meza zote, bila kuulizana tena. Wa Soga akigeuza tu, mkiunganisha ni shoti.

Hata SGR yenyewe mnayoiiga, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, inaendeshwa kwa kilovolti 25, na bado haitegemei umeme uingie Dar peke yake usafiri hadi mwisho. Kuna vituo vya kupozea umeme kando ya njia, kila kimoja kinalisha kipande chake. Nyie mna volti 15 na mnataka zitoke Dar zifike Morogoro kwa kupitia viungio vya kuchomeka.

Nimekaza sauti kwa sababu kosa hili silioni kwenye treni za mfano tu. Nyumba moja Tabata niliitwa kwa sababu ya harufu. Soketi za jikoni zilivutwa kwa waya wa 2.5 kutoka breka ya ampea 20, ambayo ilikuwa ikikata kila friji, pasi na jiko la umeme vikiwashwa pamoja. Fundi aliyetangulia "alitatua" kwa kuweka breka ya 40. Ikaacha kukata, mwenye nyumba akamsifu na kumlipa. Nilipofungua soketi, ganda la waya lilikuwa limekakamaa na kuwa jeusi kama gunzi la muhindi lililosahaulika kwenye mkaa. Nilipolikunja likavunjika, shaba ikabaki tupu, sentimita chache kutoka kwenye ubao wa kabati. Kila mtu pale ndani alikuwa analala akijua umeme umetengenezwa. Breka inayokata inafanya kazi yake. Fyuzi inayoungua inafanya kazi yake. Anayewaondolea kinga ili kelele iishe hajatengeneza kitu, amewazibia masikio. Muulizeni fundi yeyote anayetaka kuweka kubwa zaidi: waya uliopo unabeba ampea ngapi? Akishindwa kujibu, mlipeni nauli aende zake.

Mkimaliza nyaya, chukueni taa ya indiketa ya gari, ya volti 12 na wati 21. Igusisheni kwenye reli za Dar, pimeni volti ikiwa inawaka, kisha fanyeni hivyo Morogoro. Tofauti ikizidi volti 1, kuna kiungo kibovu, kitafuteni meza kwa meza. Taa hiyo ni ya kugusisha kwa sekunde chache, inapata moto.

Halafu sarafu ya shilingi 200. Ilazeni juu ya reli zote mbili, kila kipande cha reli, kuanzia Dar. Kisanduku kikate papo hapo. Kisipokata, ondoeni sarafu kabla hamjahesabu mbili, wekeni alama ya chaki pale na msipitishe treni mpaka parekebishwe. Fanyeni jaribio hilo kila mnapounganisha meza upya, maana Ngerengere na Morogoro zinaweza kuwa zima Jumamosi hii na mbovu ijayo kwa sababu ya plagi moja ya kuunganisha meza iliyolegea mlipozibeba kwenye gari.