Miezi 7.1 katika jaribio la dawa ya saratani ya utumbo mpana ina maana gani?

Swali: Daktari, kaka yangu hapa Jinja ana saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kufika kwenye ini, na kemo za aina mbili zimeshindwa. Mwanawe ametuletea matokeo ya jaribio la RECOURSE la vidonge vya trifluridini na tipirasili: waliopewa dawa miezi 7.1, waliopewa kidonge bandia, yaani kisicho na dawa ndani, miezi 5.3. Je, faida ni chini ya miezi miwili tu? Na hao wengine walinyimwa dawa kwa haki gani?

Jibu: Poleni kwa kuuguza. Miezi 7.1 si kikomo cha maisha ya mgonjwa, wala haikupatikana kwa kujumlisha na kugawanya. Ni wakati ambapo nusu ya waliopewa dawa walikuwa wamefariki na nusu nyingine wangali hai. Tofauti ya miezi 1.8 inalinganisha makundi mawili, haimtabirii mtu mmoja. Mimi hupenda kutazama hali ilivyokuwa baada ya mwaka: katika kila wagonjwa 100 waliopewa dawa, takriban 27 walikuwa hai, na kwa wenye kidonge bandia 18. Hata hivyo, uvimbe ulisinyaa kwa kiwango cha kupimika kwa wagonjwa wasiofika 2 katika 100, kwa hiyo kazi ya vidonge hivi ni kuchelewesha ugonjwa, na anayewaahidi kupona anawauzia maneno.

Kuhusu haki, washiriki wote 800 walikuwa wamekwisha kutumia angalau kemo za aina mbili, na wote waliendelea kupewa huduma za kutuliza maumivu na dalili nyingine. Wawili katika kila watatu walipata dawa yenyewe, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata nini. Wakati huo hakuna aliyejua kama vidonge vingesaidia au vingeumiza tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Linalonishughulisha zaidi ni kama kaka yako anafanana na washiriki hao. Wote walikuwa wanaojimudu, wenye kutembea na kuweza angalau kazi nyepesi. Ikiwa yeye anashinda kitandani, takwimu hizi hazimzungumzii, na mimi ningesita kumwandikia. Ikiwa bado ana nguvu, mwulizeni daktari wake kuhusu kuongeza dripu ya bevasizumabu, dawa inayozuia uvimbe usijioteshee mishipa ya damu, kwani katika jaribio la SUNLIGHT la mwaka 2023 vidonge pamoja na dripu hiyo vilifikisha miezi 10.8, dhidi ya 7.5 kwa vidonge peke yake. Mwulizeni pia kama kinyama cha uvimbe kimepimwa iwapo seli zake zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya jeni. Wenye kasoro hiyo ni wachache, lakini katika jaribio la KEYNOTE-177 pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, iliuzuia ugonjwa wao usisonge kwa miezi 16.5, dhidi ya 8.2 kwa kemo, ingawa hao walikuwa ndio kwanza wanaanza matibabu ya ugonjwa uliosambaa.

Akianza vidonge, atavimeza baada ya chakula, asubuhi na jioni, siku 5 kisha kupumzika 2, kwa wiki mbili, halafu wiki mbili bila dawa. Na kabla ya kila mzunguko lazima damu ipimwe. Katika RECOURSE, takriban wagonjwa 38 katika 100 walishuka vibaya chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Kwa hiyo homa ikimshika, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumeza dawa ya malaria nyumbani na kungoja kuona itakuwaje ni hatari, hata kama kipimo kimeonyesha kwamba malaria anayo.