Mionzi ya koo na mdomo kukauka: kazi kubwa iko kabla ya siku ya kwanza

Dada, pole sana. Umeuliza kama kuna dawa ya kumpa baba ili mdomo usimkauke, maana karibuni anavuka mto Rusizi kwenda Kigali kuanza mionzi ya saratani ya koo. Mimi nilimuuguza mama kwa saratani ya nyuma ya pua, hapa Bukavu na huko Kanombe, Kigali. Usitegemee dawa. Mate huokolewa siku ya kupanga mionzi. Tezi zikishaungua, mengi tunayofanya nyumbani ni kumpunguzia mgonjwa tabu tu.

Tunapokula, mate mengi hutoka kwenye parotidi, zile tezi mbili zilizo mbele ya masikio. Tukipumzika, hasa usiku, kazi ni ya zile za chini ya taya. Mionzi hii hutolewa kidogo kidogo, mara nyingi siku tano kwa wiki, wiki sita au saba, hadi karibu grei 70 (grei ni kipimo cha mionzi). Parotidi haiwezi kubeba kiasi hicho. Madaktari hujitahidi wastani wake usipite grei 26, au angalau moja ipate chini ya 20. Mbinu iitwayo IMRT husaidia sana hapo, kwa kuwa hupunguza nguvu ya mionzi upande wa tezi na kuiacha kamili kwenye uvimbe. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja, ukavu mkubwa wa mdomo uliwabakia wagonjwa 38 kwa 100 waliopata IMRT, na 74 kwa 100 waliopigwa mionzi ya kawaida.

Siku hiyo ya kupanga baba atalazwa chali, afunikwe usoni kwa plastiki iliyolainishwa kwa maji ya moto. Ikipoa inakuwa ngumu, inashika kichwa kisicheze. Kisha anaingia kwenye skana, na daktari anachora kwenye kompyuta sehemu ya kupiga na sehemu ya kukinga. Muulizeni mapema: "Daktari, ni IMRT? Parotidi ya upande usio na uvimbe itapata kiasi gani?" Sisi tulipouliza, daktari alitugeuzia kompyuta akatuonyesha tezi iliyozungushiwa mstari wa kijani: ya kushoto ataikinga, ya kulia hapana, saratani iko karibu mno. Akisema hivyo, mkubalie. Usikubali uvimbe ubaki eti kwa ajili ya kuokoa mate.

Jambo la pili ni meno, na hili mlifanye kabla hamjaondoka Bukavu. Jino bovu ling'olewe sasa, kidonda kipate angalau wiki mbili za kupona kabla ya mionzi. Mate ndiyo yanayolinda meno. Yakipungua, meno huoza haraka. Nunua mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi.

Mionzi ikianza, asukutue mara nyingi kwa siku: lita moja ya maji safi, kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya kupikia. Asimeze. Dawa za kusukutua zenye pombe aziache, pamoja na sigara na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Watu watakwambia anyonye limau ili mate yatoke. Usikubali: asidi inakula meno na inachoma vidonda. Chingamu isiyo na sukari ni bora. Akiona utando mweupe ulimini, huenda ni fangasi, aseme siku hiyohiyo, dawa ipo.

Kuhusu chakula, mama alishindwa sambaza za kukaanga kabisa, wale samaki wadogo wa ziwani. Zilimgeukia mchanga kinywani. Bugali tulimlainishia, tonge dogo, likizama kwenye mchuzi mwingi wa sombe (majani ya muhogo), kisha funda la maji. Uji na maharage yaliyosagwa vilipita vizuri. Usiku aliweka chupa ya maji karibu na mto.

Kuna vidonge vya pilokapini vinavyochochea tezi zilizobaki hai, lakini ni vya kuandikiwa na daktari, na mwenye pumu au presha ya macho lazima aseme kwanza.

Akirudi nyumbani, hata miaka ikipita, asing'olewe jino popote kabla ya kumwambia daktari wa meno kwamba taya lilipigwa mionzi. Mfupa huo haupati damu ya kutosha tena, na shimo la jino linaweza kukataa kupona mpaka mfupa ufe. Mwandikie kwenye karatasi, akae nayo kwenye daftari lake la matibabu.